Eti Mkimbizi Hashoni Nguo ya Ngoma

Niliambiwa mbele za watu, chini ya mwembe, siku ya upatu wetu hapa Kionga, kwamba akili zimeniruka. Zamu yangu ilikuwa imefika mwezi uliotangulia, nikapewa meticais 1,500. Wenzangu zamu ikiwafikia hununua mchele, au bati, au hulipa deni la dukani. Mimi nilikwenda Palma nikarudi na kapulana mbili za aina moja, kitambaa cha blauzi, taraza kidogo, uzi wa rangi tatu na pakiti ya sindano. Wala si vya kwangu. Ni vya somo yangu, nimshonee nguo ya tufo avae Maulidi.

Basi mkubwa wetu mmoja, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi na nitaendelea kumwamkia, akasema: "Mkimbizi hashoni nguo ya ngoma. Mkimbizi anatafuta unga." Watu wakaitikia. Mwingine akadakia: tumezika juzi tu, na wengine hata makaburi yao hatuyajui, sherehe ya nini? Nikanyamaza. Ukimjibu mkubwa barazani unaonekana huna adabu. Lakini karatasi haina baraza, kwa hiyo nitajibu hapa, na nitajibu yote.

Nianze na unga, maana unga ni kweli. Mwezi ule watoto wangu walikula mara moja kwa siku kwa siku kadhaa. Nasema mwenyewe kabla hamjanisemea. Sikuwa na fedha ya ziada. Hakuna aliye nayo hapa. Nilichagua. Sasa niulizeni kwa nini nilichagua hivyo, msiniulize kama najua kuhesabu.

Somo yangu alikuwa na unga. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, alipokea mchele, maharage na mafuta kama sisi. Na kwa miezi minne tangu arudi Kionga hakutoka nje ya ua wake. Maharage alikuwa anawapa majirani kupitia mwanawe. Nikienda kumwona ananikaribisha, ananipa mkeka, tunakaa. Nikimtajia tufo anageuza maneno. Huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, mstari wa mbele, wanawake ishirini na nne nyuma yake! Tuna jina moja, ndiyo maana tunaitana somo, na watu walikuwa wakiniuliza, "Wewe ni yule wa tufo?" Nikawa najibu hapana, mimi ni yule wa cherehani.

Kwa ninyi mnaosoma jarida hili mkiwa Maratane, Nyarugusu, Kakuma au ng'ambo kabisa, niwaambie kidogo Kionga ni wapi. Ni kijiji cha pwani, kusini ya mdomo wa Ruvuma, mpakani na Tanzania. Wajerumani walikichukua mwaka 1894. Wareno wakakitwaa mwezi wa Aprili 1916 katikati ya vita, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia kiwe chao. Mwaka ule ule wa 1916 Wareno walichukua stempu zao za zamani wakazipiga chapa juu yake jina QUIONGA. Mpaka leo kuna watu duniani wanaokusanya stempu hizo. Wanalijua jina letu vizuri kuliko wengi waliokuja kutuandika kwenye madaftari. Kwa hiyo kupigwa mihuri hatukuanza jana.

Tarehe 24 Machi 2021, Palma ilipovamiwa, sisi hatukungoja kuambiwa mara mbili. Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi. Ng'ambo nikawa mkimbizi kwa siku tisa. Kisha tukapakiwa kwenye magari tukarudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano, mbali kabisa huko juu ya mto, na mguu wangu ulipokanyaga upande wetu sikuwa mkimbizi tena. Nikawa deslokado. Shida ni ile ile, nguo mwilini ni zile zile, orodha ndiyo nyingine. Toka hapo tumehesabiwa Negomano, tumehesabiwa Mueda, tumehesabiwa Pemba, na tuliporudi nyumbani tukahesabiwa tena. Familia ya watu watano: turubai moja, jerikeni mbili, sabuni, ndoo. Sisemi ni vibaya. Turubai lile lilitukinga na mvua, na aliyelileta Mungu amlipe. Nasema tu kwamba katika kuhesabiwa kote huko, hakuna hata mmoja aliyeuliza upana wa bega la mtu.

Na nguo tulipewa. Hilo nalo lisemwe. Nguo za mtumba hapa kwetu zina jina lake la zamani: kalamidade. Lilianza miaka ya 1980, wakati wa vita na ukame, nguo za msaada zilipokuja kwa jina la idara ya maafa, na jina likaziganda. Mtu anauliza, "Hilo shati umenunua?" Unajibu, "Aa, ni kalamidade." Yaani unatembea umevaa neno maafa mgongoni, na umelizoea kiasi kwamba hulisikii. Mimi mwenyewe nimevaa. Wakati ule huna, unavaa. Lakini asije mtu akaniambia kwamba kwa kuwa nimevaa maafa miaka miwili, sasa hiyo ndiyo saizi yangu.

Turudi kwenye tufo. Wasioijua: ni ngoma ya wanawake wa pwani yetu, kutoka huku kwetu kushuka hadi Nampula na Kisiwa cha Msumbiji, ngoma iliyokua pamoja na Maulidi na sikukuu za Kiislamu. Matari manne, wanawake kwa mistari, wengine wamepiga magoti, nyimbo, na uso umepakwa musiro. Sasa sikilizeni jambo ambalo fundi analiona na mgawaji haoni: tufo haichezwi kwa miguu sana. Inachezwa kwa mabega na mikono. Mstari mzima unainua bega pamoja, unalishusha pamoja, mikono inakwenda kulia, inarudi. Na wote wamevaa sawasawa, kapulana moja, blauzi moja, kilemba kimoja. Huwezi kuingia mstarini na nguo yako ya nyumbani. Si dharau. Ndivyo ngoma yenyewe ilivyo. Ukiingia na rangi yako peke yako, macho yote yanakwenda kwako na mstari umekufa.

Wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha zamani wamerudi. Walipokubaliana kucheza Maulidi ya mwaka 2023, wakachagua kapulana, ya bluu yenye maua ya njano, kila mtu ajinunulie. Kumi walipata. Somo yangu akasema wasimngojee.

Nilidhani ni fedha. Nikamwendea, nikamwambia nitanunua mimi. Akakataa. Nikasema basi nikupime tu. Akakataa. Nikamwambia, "Somo, nimekushonea tangu una matiti ya kokwa, leo unanificha nini?" Akacheka, halafu akavua shuka begani.

Bega lake la kushoto limeshuka. Kule njiani, baada ya Negomano, alianguka kutoka kwenye lori, mfupa ukavunjika, ukaunga wenyewe vibaya. Miaka miwili na nusu! Kwenye kila orodha ameandikwa: mwanamke, miaka 41, mzima. Tumekaa naye foleni moja, tumelala chini ya turubai moja huko Mueda, na mimi, rafiki yake, fundi, niliyekula fedha yangu yote maishani kwa kutazama mabega ya watu, sikuona, kwa sababu siku zote alikuwa amejifunika. Akaniambia, "Ngoma ya mabega nitaichezaje na bega hili? Watu watatazama bega, hawatasikia wimbo."

Hilo ndilo lililokuwa linamweka ndani. Sasa niambieni, ni kilo ngapi za unga zinaponya hilo?

Cherehani yangu sinayo. Niliiacha Kionga, niliporudi nikakuta miguu ya chuma tu, imeungua. Utepe wa kupimia pia sina. Nikampima kwa uzi, kama bibi alivyonifundisha: unakata uzi urefu wa bega, unaufunga fundo moja, bega la pili mafundo mawili, kifua matatu, kiuno manne. Nilipolaza nyuzi mbili za mabega kwenye mkeka zilipishana kwa vidole viwili. Kifua kimepungua karibu shibiri nzima tangu nguo niliyomshonea mwaka 2018. Nikavifunga nyuzi zote kwenye kitambaa nikaondoka.

Nitawaeleza kushona kwenyewe, mvumilie, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Blauzi ya dukani, hata iwe nzuri, imekatwa kwa mtu ambaye hayupo. Mabega yake yako sawa, kwa sababu hakuna mtu ndani yake. Ukimvika somo yangu, upande wa kushoto unabaki na kitambaa kinachoning'inia, shingo inavutwa, kila mtu anaona. Mimi nilikata kila bega kwa uzi wake. La kushoto nikalikata chini kwa vidole viwili, halafu kwa ndani nikashona vipande vya kitambaa kilichokunjwa mara tatu, kama kijimto chembamba, ili kwa nje mstari wa mabega uonekane umelala sawa. Kwapani nikatia kiraka cha pembe nne upande kwa upande, kwa sababu mkono ukiinuka blauzi isiyo na kiraka hicho hupanda juu na tumbo linabaki wazi, au huchanika. Kwapa la kushoto nikaliachia nafasi zaidi, kwa sababu mkono ule lazima uinuke kwa mzunguko wake wenyewe. Nilipiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, nikaenda kumjaribisha usiku, nikafumua, nikapiga tena. Mara tatu. Kisha ndipo nikashona kwa mkono, hatua mbili mbele na moja nyuma, maana mshono wa kwenda mbele tu haustahimili tufo. Usiku kumi na moja, kwa taa ya sola, na kifuniko cha chupa kidoleni badala ya kile cha fundi.

Sasa mkubwa wangu uliyesema mkimbizi hashoni nguo ya ngoma, nakuuliza kwa heshima: kazi hii inaitwaje? Ungekuwa umesikia kwamba nimemfunga bega kwa bandeji ungesema nimefanya wema. Nimemfunga kwa blauzi, unasema nimepoteza akili.

Tena hili la kuambiwa maskini asijipambe si jipya, wala halikuanza na vita vyetu. Zanzibar, utumwa ulipofutwa kwa amri ya mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi iliyokuwa inawatambulisha, wakajifunga kanga za rangi. Fedha walizipata kwa taabu, na hawakuwa na nyumba wala shamba la kutosha. Lakini walijua kwamba mtu ukiendelea kuvaa kaniki, hakuna amri ya sultani itakayowafanya watu wakuone vingine. Na wale vijana wa beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikaenea Afrika Mashariki nzima na askari wa Vita Kuu ya Kwanza, walijishonea sare, wakajipa vyeo, Marini huku na Arinoti kule, wakashindana kwa nguo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka 1975. Wazungu waliwatazama kwa wasiwasi, na wakubwa wengi waliona ni kutupa fedha. Nadhani walioona ni kutupa fedha walikosea, na wenye wasiwasi ndio walioelewa: watu walionyang'anywa kila kitu wakijishonea nguo wakajipanga mstari, kuna jambo wamekataa.

Sasa nimgeukie kijana aliyeandika kwenye toleo lililopita kwamba ngoma za wakimbizi ni maonyesho ya kuwafurahisha wenye kamera. Mdogo wangu, nusu ya maneno yako nayakubali. Nilikuwapo. Mwaka mmoja, tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, tulikusanywa mahali, tukavishwa fulana nyeupe zenye nembo, saizi moja kwa wote, wengine zinawafika magotini. Tukaambiwa tucheze ngoma ya asili. Matari hakuna, mtu akapiga ndoo. Tukapigwa picha. Jioni fulana tukabaki nazo, na mimi yangu nilitumia kupangusia sufuria, na sitaomba radhi.

Lakini wewe umechukua fulana ile ukaifanya hoja dhidi ya nguo zote. Hapo ndipo unapokosea. Nguo ile ilishonwa kwa ajili ya anayetazama. Aliyeileta hakuhitaji kujua bega la nani limevunjika, kwa sababu picha haiulizi. Nguo niliyoshona mimi ina siri upande wa ndani, ambayo mtazamaji haioni wala hapaswi kuiona. Na kama wewe unasema tusicheze kabisa kwa kuogopa kamera, basi kamera imekushinda mara mbili: ilikuchezesha usipotaka, na sasa inakuzuia unapotaka.

Limebaki la msiba. Hili silijibu kwa ukali, maana aliyelisema naye amezika. Ni kweli tumezika. Katika wale ishirini na wanne, watano wamekufa ninaowajua, wengine wako Pemba na Nampula, wawili hakuna anayejua. Lakini jamani, Maulidi tunayasoma kila mwaka, misiba na isiwe. Hakuna aliyesema tuyaache. Ila ikifika zamu ya wanawake kuingia na matari yao, ndipo msiba unakumbukwa. Wanaume wameshona kanzu mpya; nimeziona, tatu nimezipinda upindo mimi mwenyewe kwa mkono, na hakuna mkutano ulioitishwa chini ya mwembe.

Siku yenyewe ilifika. Musiro alipakwa na binti yake. Alivaa kwangu, ili kama kuna mshono wa kurekebisha nirekebishe. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha pikipiki tulicho nacho, akasogeza kioo bega la kulia, akakisogeza la kushoto, akanirudishia bila kusema kitu. Alikaa mstari wa pili. Wa mbele alikataa. Wimbo wa kwanza ulianzishwa na mwingine. Wa tatu aliuanzisha yeye.

Sitawadanganya kwamba sasa amepona. Kesho yake alishinda ndani tena. Keshokutwa alikuja kwangu kwa miguu yake, na blauzi mkononi, kwapa la kushoto limefumuka kidogo. Nafasi niliyoiacha haikutosha, nimeshaipanua. Amekuja mara nne tangu siku ile. Mimi nina deni dukani ambalo nisingekuwa nalo, na mkubwa wangu bado ananitazama kwa jicho la pembeni ninapopita. Deni nitalipa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la vitendo. Tutakapokutana tena kupanga mahitaji ya kikundi, na mtu akauliza tuandike nini, baada ya mchele, mafuta na sabuni, andikeni: kitambaa, uzi, sindano, mkasi mmoja mkali, utepe wa kupimia. Msikubali nguo zilizokwisha shonwa kama mnaweza kupata kitambaa. Mafundi tupo. Atakayewaambia kwamba hivyo ni anasa, mwambieni aje avue shati, nimpime mabega. Hakuna mtu ambaye yako sawa.